Kipande Kimoja, Kichafu

Mama Shuka hakuwahi kushtakiwa na mtu maishani mwake, ndiyo maana alipoambiwa ameshashindwa kesi alidhani wamemfananisha na mtu mwingine.

Aliyemwambia ni mhasibu wa hospitali, mtu mpole aliyezoea kutoa habari mbaya huku akiitazama kalamu yake. Mama Shuka alikuwa amepanda ghorofani kuuliza kwa nini mshahara wake wa mwezi ule umepungua theluthi nzima. Alikuwa na hakika ni kosa la kompyuta, na njiani alishaipanga hotuba fupi ya kumsamehe aliyekosea. Hotuba hiyo haikupata nafasi.

"Si kosa, mama," alisema mhasibu. "Ni amri ya mahakama. Tumeambiwa tukate, tunakata."

"Mahakama inanijuaje mimi?"

Mhasibu akamgeuzia karatasi yenye muhuri mwekundu. Lilikuwepo jina lake kamili, lile la kwenye kitambulisho, ambalo hata mumewe hulitaja akikasirika tu. Lilikuwepo pia jina la mwenye nyumba wao wa zamani. Mdaiwa amehukumiwa kulipa kodi ya miezi mitano, riba na gharama za kesi, na mwajiri akate mshahara kila mwezi mpaka deni liishe. Mhasibu alishapiga hesabu: miezi kumi na minane.

"Kesi yenyewe ilifanyika lini? Mbona mimi sikuwepo?"

"Hilo sijui, mama. Kwangu inafika ikiwa imeshaiva."

Akateremka ngazi amepigwa na butwaa, na katikati ya ngazi akasimama kwa sababu hakukumbuka kama alikuwa anapanda au anashuka.

Kazi yake ilikuwa chini kabisa ya jengo, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, mahali pasipo dirisha ila mvuke tele. Jina la Mama Shuka alipewa na manesi, na halikuwa la kejeli. Yeye ndiye aliyekaa kwenye kidirisha cha mapokezi, na hakuna shuka, foronya wala gauni la mgonjwa lililopita bila kupita mikononi mwake. Zamani kidogo ziliwahi kupotea shuka themanini, zikayeyuka kama chumvi, na mkuu wa wauguzi akaweka sheria: hakiingii kitu, hakitoki kitu, bila kuandikwa na kusainiwa. Basi Mama Shuka alikuwa na kitabu cha stakabadhi chenye kaboni katikati. Mzigo ukija anahesabu, anaandika idadi, anaandika hali yake, kichafu kikiingia na safi kikitoka, anasaini, anachana, anatundika nakala kwenye msumari. Kila mwisho wa mwezi karatasi za msumarini zinaingia kwenye boksi na boksi linaingia stoo. Alikuwa amefanya hivyo miaka sita, mara sitini au sabini kwa siku, na mkono wake ulikuwa umeshaacha kumwomba ruhusa.

Jioni mumewe, fundi viti mwenye utani hata msibani, alisikiliza habari ile akiwa ameshika mguu wa stuli.

"Kwa hiyo tunalipia nyumba ambayo hatukai," alisema.

"Miezi mitano. Anadai hatukurudisha funguo, nyumba ikakaa imefungwa asipate mpangaji."

"Si ulimpa mwenyewe?"

"Nilimpa mkononi."

Na kweli alimpa, au ndivyo alivyokumbuka. Walihama miaka miwili iliyopita kwa sababu paa lilikuwa likivuja juu ya kitanda, na mwenye nyumba kila akiambiwa alijibu kuwa mvua zinakaribia kuisha. Wiki ile ile mzee huyo akalazwa hospitali hiyo hiyo kupasuliwa macho. Mama Shuka hakuona haja ya kumtafuta nyumbani. Alipanda wodi ya macho saa sita mchana na shuka safi begani na funguo mbili mfukoni mwa aproni, akamkuta mzee amefungwa bandeji macho yote mawili, akampa pole, akamwekea funguo kiganjani na kumkunjia vidole. Mzee akasema, "Haya, mwanangu." Hiyo ndiyo ilikuwa hadithi yote.

"Nani alikuona?" aliuliza mumewe.

"Wodi nzima walikuwa wamefungwa macho."

Mumewe akaanza kucheka, akaona uso wa mkewe, akarudi kwenye stuli.

Utani wake ulikuwa na mahali pa kuishia. Vyumba viwili walivyokuwa wakiishi sasa vililipiwa na mshahara wa Mama Shuka, na pesa za viti zilikuwa za chakula na daftari za watoto. Mwenye nyumba wao mpya, mjane asiye na maneno mengi, alikuwa ameanza kuwasalimia mara mbili kwa siku, na salamu ya pili haikuwa salamu. Kwenye mkataba imeandikwa wazi kwamba ukikosa kodi miezi miwili, unatoka. Theluthi ikikatwa mwezi huu na ujao, wangekuwa wametolewa kwenye nyumba wanayokaa kwa ajili ya kuilipia wasiyokaa. Mama Shuka alilizungusha jambo hilo kichwani wiki nzima, na kila alivyolizungusha ndivyo lilivyozidi kumpotea. Ikafika siku akajiuliza kama zile funguo alimpa mzee kweli, au alimpa mgonjwa wa kitanda cha pili.

Aliomba ruhusa kazini, akaenda mahakamani.

Masijala ya mahakama ilikuwa chumba chenye kabati za mafaili mpaka darini na kidirisha kama chake mwenyewe, jambo lililomtuliza kidogo. Nyuma ya kidirisha alikaa karani mmoja, dada mwenye miwani na mafua.

"Hii ni hukumu ya upande mmoja," karani alimweleza. "Uliitwa, hukuja, hakimu akamsikiliza aliyekuja."

"Sikuitwa, dada."

"Basi unaweza kuomba itenguliwe. Nisikilize vizuri. Kama hukuletewa samansi, ile hati ya kukuita mahakamani, hukumu haina miguu, inaanguka yenyewe. Kama uliletewa ukanyamaza, hapo unaomba tu. Hakimu atataka sababu ya kunyamaza, na atataka kuona kama una utetezi wenye maana. Anaweza kukubali, anaweza kukataa. Sasa, uliletewa?"

"Samansi inafananaje?"

Karani akamwangalia juu ya miwani. "Kama hujui inafananaje, nadhani hukuletewa."

Kwa hiyo ikaandikwa hati ya kiapo, na Mama Shuka akaapa kwa roho safi kwamba hajawahi kupewa, kuona wala kushika samansi yoyote. Akasaini. Karani akampangia siku ya kusikilizwa, wiki mbili mbele, kisha akalivuta faili la zamani ili anakili namba ya kesi. Hapo ndipo akacheka na mafua yake.

"Ahaa, ni hii kesi. Tuliicheka sana hapa ofisini. Mpeleka samansi anasema alimkuta mdaiwa kazini, akamkabidhi, akasaini nakala. Lakini hebu ona huyo aliyesaini alivyoandika."

Akaigeuza karatasi. Chini kabisa, pembeni ya muhuri, kulikuwa na maandishi ya kalamu ya bluu, ya haraka, yaliyolalia kulia: *Imepokelewa. Kipande 1, kichafu.* Chini yake, saini.

Mama Shuka hakucheka. Mtu huweza kusahau sura yake kwa muda, lakini mwandiko wake haumpotei. Alitazama ile *k* yenye mkia mrefu, akaushika ukingo wa kidirisha.

"Unamjua?" aliuliza karani.

"Asante, dada," alijibu, na hilo halikuwa jibu. Akaondoka.

Kesho yake, mashine zilipopumzika mchana, aliingia stoo akaliteremsha boksi la mwezi uliotajwa kwenye ile karatasi. Hakuhitaji kutafuta sana. Katikati ya stakabadhi za wodi ya wazazi na wodi ya mifupa ilikuwepo karatasi ndefu kuliko nyingine, yenye nembo ya mahakama, tundu la msumari likiwa limepita katikati ya neno *unaitwa*. Akakaa juu ya boksi. Alijaribu kumkumbuka huyo mpeleka samansi, uso wake, hata shati lake, akaambulia patupu. Huenda alifika saa nne asubuhi, wakati wodi zote huteremsha nguo kwa pamoja, na yeye huona mikono na karatasi tu. Alikuwa ameipokea kesi yake mwenyewe, akaihesabu, akaitundika, akaendelea na foronya.

Hofu ikamshika, na ndani ya hofu likazaliwa swali. Kama mkono wake ulisaini lile bila yeye kujua, umefanya mangapi mengine?

Akainuka akavuta boksi la mwezi waliohama. Hili lilimchukua muda, maana hakujua anatafuta nini, na mara mbili alijiambia aache upuuzi arudi kazini. Akapekua wodi ya watoto, ya upasuaji, ya macho. Kisha akaiona. *Zimetolewa: funguo, vipande 2, safi.* Tarehe ilikuwa ya siku ile ile. Na mahali pa mpokeaji palikuwa na saini iliyoanzia kwenye mstari ikapanda juu, ikakata neno *safi* na kuishia karibu na ukingo, saini ya mtu aliyefungwa macho.

Hakukumbuka hata chembe kuandika kitu kile. Kilio na kicheko vilimjia kwa wakati mmoja, na vyote viwili vikagoma kutoka.

Nyumbani aliziweka karatasi mbili mezani, ile ya funguo na ile ya samansi. Mumewe akazitazama kwa zamu.

"Hii ni dhahabu," alisema kuhusu ya funguo. "Na hii ni mkosi. Mama watoto, hii ya pili ni ya kuwashia jiko."

"Nakala iko mahakamani tayari."

"Nakala ina saini. Saini unaikataa. Useme kuna mtu kazini anapenda utani. Nani ataapa kwamba mfanyakazi mwenye akili zake amepokea samansi akaiita kichafu? Wewe umeshaapa hukuiona. Shikilia hapo hapo, hukumu inaanguka yenyewe, unaonyesha funguo, tumemaliza."

"Na nikisema kweli?"

"Ukisema kweli unakwenda kuomba. Anaweza kukataa. Si ndivyo alivyosema karani?"

Ndivyo alivyosema. Mumewe hakuwa mtu mwongo, alikuwa mtu mwenye watoto watatu na kodi ya mwezi ujao, na Mama Shuka mwenyewe usiku ule hakuweza kumwona kama amekosea. Alichoshindwa ni kitu kingine. Alikuwa ameapa kwa moyo mweupe na kiapo kikageuka uongo nyuma ya mgongo wake. Sasa akinyamaza, kitakuwa uongo wa mbele ya macho yake. Tofauti hiyo hakuweza kuieleza vizuri hata kwa mumewe, na alipojaribu alichanganya maneno mpaka akaacha.

Siku ya kesi ilipofika alikuwa hajaamua. Karatasi zote mbili zilikuwa kwenye mfuko wa plastiki, zimegusana.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo kuliko alivyokiogopa. Hakimu alikuwa mama mtu mzima mwenye chupa ya chai mezani. Mwenye nyumba alikaa benchi la mbele amevaa miwani myeusi, amekonda, shati limempwaya. Kwa wiki zote zile Mama Shuka alikuwa amemchukia mzee mnene mwenye sauti kubwa, na sasa hakujua ile chuki amweke nani.

"Kiapo chako kinasema hukupata samansi," alianza hakimu. "Mpeleka samansi anasema ulisaini. Unasemaje?"

Mama Shuka akasimama.

"Mheshimiwa, nilipoapa niliamini hivyo. Sasa siamini tena." Akaingiza mkono mfukoni akaitoa ile ndefu. "Hii hapa samansi. Ilikuwa kazini kwangu kwenye boksi. Saini ni yangu."

Nyuma yake akamsikia mumewe akipumua kwa nguvu. Mwenye nyumba akageuza kichwa upande wa sauti. Hakimu aliipokea ile karatasi, akachungulia kwenye tundu la msumari, kisha akafungua faili na kulinganisha.

"Ulidhani umepokea nini?"

"Sikudhani, mheshimiwa. Niko mapokezi ya nguo hospitali. Mtu akinipa karatasi, nasaini."

"Na hili neno, kichafu?"

"Kila kinachoingia kwetu ni kichafu, mheshimiwa."

Watu wakacheka, na hakimu akawaacha wacheke kidogo kabla ya kugonga meza.

"Kuapa jambo ambalo hujalihakikisha ni hatari, mama. Ungeweza kutoka hapa na kosa jingine. Umeelewa?"

"Sijui kama nimeelewa, mheshimiwa. Lakini nimeogopa."

"Inatosha kwa kuanzia. Una la kujitetea juu ya deni lenyewe?"

Akatoa ya funguo. Ilipita kwa karani, ikafika kwa hakimu, ikateremka mpaka kwa mwenye nyumba, ambaye alivua miwani na kuileta karibu kabisa na jicho la kushoto, akaisogeza neno kwa neno. Alikaa nayo muda mrefu hata hakimu akamimina chai.

"Mzee, hiyo saini ni yako?"

"Ni yangu," alisema mzee polepole. "Lakini sikuisoma."

"Ungeisomaje, ulikuwa umefungwa macho."

"Ndiyo. Walikuwa wanakuja watu, ananishikisha kalamu huyu, ananishikisha kalamu yule, nasaini. Huyu binti nilimtambua kwa sauti. Nilijua ni wa shuka. Nikadhani nasaini shuka."

"Na funguo alizokupa mkononi?"

Mzee akafungua kiganja chake akakitazama, kama mtu anayetegemea bado zimo. "Nilipewa vitu vingi mkononi siku zile. Vidonge, kikombe, mkono wa nesi." Akakifunga kiganja. "Mimi nilimngoja miezi mitano, mheshimiwa. Nilisema, watu niliowapenda wamenifanyia hivi. Nikavunja kitasa mwenyewe."

Akakaa. Mama Shuka alijikuta akimwonea huruma, na akajikasirikia, maana huruma hiyo ilikuja bila kualikwa na ilikuwa ikimvuruga zaidi.

Hakimu aliandika kwa muda, kisha akasoma kwa kasi ya mtu mwenye kesi tisa nyingine. Samansi ilifika, kwa hiyo hukumu haiwezi kuanguka yenyewe. Lakini utetezi una uzito, na mtu anayeileta mwenyewe mahakamani karatasi ya kumuumiza anastahili kusikilizwa. Hukumu inatenguliwa. Makato ya mshahara yanasimama. Kesi itasikilizwa upya. Kulikuwa na maneno mengine baada ya hapo, lakini Mama Shuka hakuyasikia, kwa sababu mumewe alikuwa amemshika bega na kulitikisa.

"Tumeshinda?" alinong'ona Mama Shuka.

"Sijui," mumewe alisema huku akitabasamu mpaka gego la mwisho. "Lakini hatujakatwa."

Masijala ilikuwa imejaa. Karani mwenye mafua akasukuma karatasi mbili zilizobanwa pamoja, na kalamu juu yake.

"Amri yako hiyo, mama. Nakala ya mwajiri nitaituma mwenyewe. Saini hapa chini."

Mama Shuka akashika kalamu, na mkono ukaanza kuteremka wenyewe kama kawaida yake. Akauzuia. Akaiweka kalamu pembeni, akavuta karatasi, akaanza kusoma kutoka neno la kwanza, midomo ikitembea. Alisoma namba ya kesi. Alisoma jina lake kamili, akahakikisha herufi zote. Foleni nyuma yake ikaanza kuhema.

"Mama, hilo ni gazeti?" aliuliza mwanamume mmoja.

Akafunua ukurasa wa pili, akafika karibu na mwisho, akarudia mstari mmoja mara tatu.

"Dada, hapa panasema nilete utetezi wa maandishi ndani ya siku kumi na nne. La sivyo hukumu ya kwanza inarudi na makato yanarudi bila taarifa nyingine. Hakimu alisema hivi?"

"Alisema."

"Mimi sikusikia."

"Wengi hawasikii," alisema karani, akapenga kamasi. "Halafu wanarudi hapa wanalia."

"Zinaanza kuhesabiwa lini?"

"Zimeshaanza. Leo ndiyo ya kwanza."

Mama Shuka alimtafuta mumewe kwa macho, akamwona kule mlangoni anamsimulia mtu asiyemjua jinsi walivyoshinda. Alitaka kumwita, akaona kwanza amalize lililo mbele yake. Akaisoma tena karatasi yote, pole pole, mpaka muhuri. Kisha akachukua kalamu akasaini.

Mkono haukuishia hapo. Kabla hajajua, ulikuwa umeshaandika pembeni ya saini: *Kipande 1,* na kalamu ikasimama juu ya ile alama ya mkato. Karani alikuwa akingoja, foleni ilikuwa ikingoja. Mama Shuka akaitazama ile karatasi mbele na nyuma, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita hakujua aandike nini baada ya pale.